KUKITUNZA KISWAHILI NI KAZI, NA KAZI HULIPWA

Ndugu wanachama, na ninyi wafanyakazi wote wa Mvita,

Kila mwaka tarehe 7 Julai Kiswahili hupigiwa ngoma. UNESCO iliitangaza siku hiyo mwaka 2021, na tangu 2022 huadhimishwa duniani. Mahema hupigwa, viti hupangwa, na mabwana wakubwa husimama mmoja baada ya mmoja wakasema kwamba Kiswahili ni hazina, ni roho ya taifa, na kwamba Mombasa ni nyumba yake. Watu hupiga makofi. Sisi nasi hupiga makofi, tukiwa nyuma ya meza ya maonyesho, maana vitabu vilivyo juu ya meza ile tumevibeba sisi tangu alfajiri, na jioni ni sisi tutakaovirudisha. Lakini ngoma ikiisha swali letu hubaki pale pale. Ikiwa hii ni hazina, basi ina walinzi. Je, walinzi hao wanakula nini?

Sisi ni wakutubi, yaani watunza vitabu, katika maktaba ya lugha hapa kisiwani. Jina la maktaba hatulitaji, wala la mwajiri. Shida tunayoisema si ya nyumba moja. Twaandika kwa kuwa yako maneno mawili yatuumayo. La kwanza latoka juu: "Hiyo si kazi, ni kukaa kivulini na kusoma." La pili latoka kwenu, ndugu zetu wa bandarini, wa viwandani na wa hotelini: "Wale ni mabwana wa kalamu, hawana shida." Yote mawili si kweli, na la pili latuuma zaidi kwa kuwa latoka kwa ndugu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi tutawaonyesheni kitanda chenyewe, tangu asubuhi hata jioni, kisha mtahukumu.

KAZI YETU KUTWA

Saa moja na nusu asubuhi mlango hufunguliwa. Mwenzetu wa Likoni amekwisha vuka feri, na wa Kisauni amekwisha pita Daraja la Nyali. Kazi ya kwanza si kusoma, ni kunusa. Mkutubi wa Mombasa akiingia hunusa kwanza, maana ukungu hujulikana kwa harufu kabla haujaonekana kwa macho. Kisiwa hiki kimezungukwa na bahari. Hewa yake ina maji na chumvi, na masika yakishika karatasi hunywa unyevu kutwa kucha. Karatasi ikinywa unyevu huota ukungu, gundi ya jalada hulegea, na wadudu huja karamuni: mchwa kutoka chini, mende kutoka nyuma ya rafu, na vijidudu vya rangi ya fedha katikati ya kurasa. Kwa hiyo rafu hupitiwa moja moja. Kitabu hutolewa, hufutwa kwa brashi laini, huchunguzwa, hurudishwa bila kubanwa ili hewa ipite. Hata dirisha lina elimu yake. Ukilifungua muda mrefu chumvi na vumbi vyaingia; ukilifunga muda mrefu unyevu wakaa ndani. Umeme ukikatika, pangaboi husimama, na sisi hukimbia kutoka dirisha hadi dirisha kama mabaharia katika tufani.

Vumbi lile la miaka sitini, sabini, huingia wapi? Huingia vifuani mwetu. Kitambaa cha pua twajinunulia wenyewe, na glovu twajinunulia wenyewe. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamlazimu mwajiri kumpa mfanyakazi vifaa vya kujikinga na vitu vyenye madhara. Ninyi wa bandarini mlipigania viatu na kofia ngumu. Mapafu ya mtunza vitabu ni nyama kama mguu wa mpakuzi wa meli.

Saa tatu wasomaji huingia. Mwanafunzi aja na shairi la kale mkononi, amekwama. Limeandikwa "ndia", naye kitabu chake cha shule chasema "njia". Limeandikwa "mato", naye ajua "macho". Auliza kama mshairi alikosea. Ajabu ya mambo! Mtoto huyu labda amepita Ndia Kuu, mtaa wa Mji wa Kale, akija kwetu. Hapo mkutubi huacha alilokuwa akilifanya, akaketi naye, akamweleza kwamba mwaka 1928 ulifanyika mkutano papa hapa Mombasa, ukakubali lahaja ya Unguja iwe msingi wa Kiswahili cha shule na vitabu, na Kimvita, lugha ya mji uliokaribisha mkutano, kikabaki nje ya darasa. Kisha humfungulia kamusi ya Krapf iliyotoka mwaka 1882, na ya Johnson ya mwaka 1939, na ile ya Dar es Salaam ya mwaka 1981, ili aone neno moja likibadilika nguo. Huo ni ualimu. Lakini mwalimu wa darasani ana cheo cha mwalimu, na sisi katika karatasi ya mshahara tumeandikwa wasaidizi.

Nyuma ya mwanafunzi yuko mfasiri wa mahakamani, ataka neno lisilomtia mtu hatiani bure. Nyuma yake yuko mtangazaji wa redio, ataka neno kabla ya saa sita. Kisha yuko mzee aliyeleta barua ya hospitali iliyoandikwa kwa Kiingereza. Haombi kitabu, aomba tumsomee. Je, tumwambie mzee wetu kwamba hiyo si kazi ya maktaba? Twamsomea.

Saa tano ni zamu ya orodha. Kila kitabu kipya, na kila kitabu cha kale kilichopatikana, lazima kipewe nambari, jina na mahali. Kitabu kisichoandikwa katika orodha ni kitabu kilichopotea, ijapokuwa kiko rafuni. Mpango wa nambari tutumiao ni wa Mmarekani Dewey, wa mwaka 1876. Katika mpango huo lugha yetu yote imepewa nambari moja ndefu, 496.392, mwishoni mwa safu ya lugha, pamoja na lugha nyingine za Afrika, huku Kiingereza kikipewa nyumba nzima, tangu 420 hadi 429. Basi sisi, ambao rafu zetu karibu zote ni Kiswahili, hatuna budi kuigawa nambari ile moja vipande vipande: hapa sarufi, hapa lahaja, hapa kamusi. Tena yako majina. Mpango wa kigeni wataka jina la ukoo litangulie. Muyaka bin Haji tumweke wapi? Tukimweka chini ya "Haji" hakuna Mmombasa atakayemwona. Kukata shauri juu ya mambo kama haya, mara arubaini kwa siku, kwataka elimu, na elimu hiyo hailetwi na upepo.

Saa saba ni chakula na swala, lakini mlango haufungwi. Mmoja hubaki, akala kwa mkono wa kushoto wa roho yake, kama wasemavyo wenzetu, huku akitazama wasomaji. Saa hiyo haihesabiwi.

Alasiri ndipo hutolewa karatasi za kale zilizoandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Hapa hata maprofesa hupunguza mwendo. Herufi za Kiarabu hazina alama ya kila sauti yetu; waandishi wengi wa zamani waliandika herufi moja mahali ambapo sisi twasema "b", "p" au "mb", na msomaji ndiye achague kwa kujua lugha, mizani ya ubeti na desturi za watu. Wino wenyewe mwingine una chuma ndani yake. Miaka ikipita hula karatasi, na herufi zikaanguka kama dirisha lililotoka ukutani. Mkono mmoja wa pupa hupoteza mstari uliodumu miaka mia moja. Mwenzetu aifanyaye kazi hii ni kibarua wa siku. Huitwa asubuhi na hulipwa jioni, na huu ni mwaka wake wa tatu.

Saa kumi na moja twafunga, twahesabu, twarudisha. Hapo ndipo simu hulia. Katika nyumba fulani ya Kibokoni mzee amefariki, na wajukuu wanasafisha chumba; liko sanduku la makaratasi, nao hawajui kuyasoma, kesho yatatupwa. Nani atakwenda? Gari la ofisi halipo, na saa za kazi zimekwisha. Twaenda kwa miguu, twaketi na wenye nyumba, twaomba kwa adabu, twaeleza kwamba hatutaki kuwanyang'anya bali kuwatunzia, na twarudi usiku tumebeba sanduku. Asubuhi mwajiri ataona sanduku, atafurahi, atapigwa picha nalo. Malipo ya saa zile hayapo.

Na wageni je? Wageni kutoka vyuo vya Ulaya na Marekani wanakuja, na twawakaribisha. Wengi ni watu wema. Wakifika kwao huandika kitabu, na katika ukurasa wa shukrani hutia majina yetu. Kitabu chenyewe kikiuzwa hatuna uwezo wa kukinunua. Twashukuru kushukuriwa, lakini shukrani haiivi hata ikipikwa kutwa.

KARATASI HUMFUATA MTUNZAJI ALIYELIPWA

Ndugu, hili si jambo la matumbo yetu peke yake. Tazameni yaliyokwisha tokea.

Muyaka bin Haji alikufa yapata mwaka 1840, na mashairi yake yalibaki vinywani na katika karatasi za watu wa Mvita. Aliyeyakusanya alikuwa mwenyeji wa mji huu, Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyekufa mwaka 1890. Alifanya kazi hiyo pamoja na mmisionari Mwingereza, William Taylor. Karatasi za Taylor ziko wapi leo? Ziko London, katika maktaba ya chuo cha SOAS. Mtoto wa Kuze au Mkanyageni atakaye kuuona mwandiko uliotoka mtaani kwake hana budi kutazama picha iliyopigwa Uingereza.

Wako watakaosema Wazungu waliiba. Sisi twasema neno jingine, na hili mlishike sana. Karatasi zile zimedumu kwa sababu huko zilikofika yuko mtu aliyeajiriwa kuzitunza, mwenye mshahara wa mwezi, likizo na pensheni. Mwalimu Sikujua, aliyeijua kazi kuliko wote, hakuwa na mwajiri wa kumrithisha mwingine kiti chake. Kila karatasi duniani humfuata mtunzaji aliyelipwa. Pasipo mtunzaji, hata iwe ya dhahabu, huliwa na mchwa au huondoka.

Mfano wa pili uko karibu zaidi. Kamati ya lugha iliyoanzishwa mwaka 1930 kwa ajili ya nchi zote za Afrika Mashariki ilihamahama: Dar es Salaam, Nairobi, Makerere, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafika hata hapa Mombasa. Haikukaa. Ilirudi Dar es Salaam, na mwaka 1964 ikaingizwa katika chuo kikuu cha huko. Kule ilipata nafasi za kazi zilizoandikwa, watu wa kudumu na maktaba yake, na mwaka 1981 ikatoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Twawapongeza ndugu zetu wa Tanzania. Lakini twauliza: Mombasa ilikosa nini? Haikukosa Kiswahili, wala haikukosa wajuzi. Ilikosa mahali pa kazi palipolipiwa.

WANAOTUPINGA WASEMA NINI

Wa kwanza wasema hakuna fedha. Basi tutajieni fedha za mahema, za fulana zenye maandishi, za matarumbeta na chakula cha wageni wa heshima. Fedha zipo, zimechagua kwenda katika siku moja ya kusifu, zikaacha siku mia tatu na sitini na nne za kutunza.

Wa pili wasema siku hizi watu wana simu, maktaba za nini? Hao hawajui simu huleta nini. Simu huleta kile ambacho mtu mahali fulani alikifungua, akakisafisha, akakisoma, akakipiga picha na kukipa jina. Sanduku la Kibokoni halikuingia simuni lenyewe. Kadiri watu wanavyotaka zaidi katika simu zao, ndivyo wanavyotaka wakutubi zaidi.

Wa tatu ndio wabaya kuliko wote, maana husema kwa tabasamu: "Ninyi mwaipenda kazi yenu, hii ni kazi ya wito." Ni kweli twaipenda. Mvuvi naye aipenda bahari, na hakuna amwambiaye atoe samaki bure. Mwenye nyumba wetu wa Majengo hajapata kupokea wito badala ya kodi. Na kwa neno hilo la wito huletwa vijana wetu waliomaliza vyuo, wakaitwa wanaojitolea, wakapewa nauli tu mwaka mzima, huku wakifanya kazi ya mtu mwenye mshahara. Huko si kujitolea, ni kutolewa.

HILI LAWAHUSU NINI WA BANDARINI

Januari mwaka 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 wa mji huu waliweka kazi chini. Walikuwa watu wa bara na wa pwani, wa kila kabila. Walikutana katika kiwanja cha Majengo walichokiita Kiwanja cha Maskini, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Chege Kibachia, kiongozi wa shirikisho lao, alikamatwa mwaka huohuo akapelekwa mbali na Mombasa. Hiyo ni historia yenu, nayo ni fahari yenu.

Sasa ulizeni: nani aliyetunza karatasi za mgomo ule? Serikali ilitunza mafaili yake, na waajiri walitunza yao. Wanahistoria walipokuja kuandika, kwa sehemu kubwa walisoma mafaili hayo, yaani walimsoma yule aliyegomewa. Maneno yaliyosemwa kiwanjani kwa Kiswahili, tangazo lililopigwa chapa usiku, daftari la michango ya senti, hayo mengi yalifungiwa maandazi au yaliliwa na mchwa. Mfanyakazi asiyetunziwa maneno yake husemewa na mwajiri hata baada ya kufa. Hata karatasi hii unayoisoma, ndugu, ni nyembamba. Usipoitunza wewe wala sisi, baada ya miaka ishirini hakuna atakayejua kwamba tulisema.

SHERIA YASEMA NINI

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, yasema Kiswahili ni lugha ya taifa, tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 41 champa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki, ya mazingira ya kazi yaliyo sawa, ya kuingia chama na ya kugoma. Jedwali la Nne la Katiba hiyohiyo limetia maktaba katika kazi za kaunti. Basi asitupige mtu danadana kati ya Nairobi na Mombasa.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, yasema kibarua akifanya kazi mfululizo mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo kwa akili ya kawaida haiwezi kumalizika katika miezi mitatu, ahesabiwe kuwa mtu wa mshahara wa mwezi. Je, yuko aliyepata kuona maktaba imemalizika kwa miezi mitatu? Mwenzetu wa karatasi za kale, wa mwaka wa tatu, si kibarua kwa sheria. Ni kibarua kwa ujanja.

TWATAKA

1. Kila kibarua aliyetimiza muda wa sheria aandikwe kazi kwa mwezi, na haki zake zote, pamoja na likizo ya siku 21 na posho ya nyumba.

2. Kila aifanyaye kazi ya ukutubi apewe cheo cha mkutubi na mshahara wa cheo hicho. Ujuzi wa kusoma Kiswahili cha herufi za Kiarabu ulipiwe kama ujuzi, maana ndio.

3. Vitambaa vya pua, glovu, brashi na dawa salama za wadudu vitolewe na mwajiri, na mganga atupime vifua kila mwaka.

4. Saa za chakula, za jioni na za siku za sherehe zihesabiwe na kulipwa.

5. Kijana anayejitolea asifanye kazi ya nafasi iliyo wazi. Nafasi ikiwa wazi, ajazwe mtu na alipwe.

6. Mwajiri akitambue chama. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 yataka wingi wa kawaida tu wa wafanyakazi wanaoweza kuwa wanachama. Nasi twawaambia wenzetu wakutubi ambao bado wanasitasita: tu wachache katika kila nyumba, na kwa hiyo kila mmoja ana uzito wa mia. Aliye nje ya chama hajakaa katikati, amekaa upande wa mwajiri.

Na ninyi ndugu wa matawi mengine, twawaomba mambo mawili. Siku tutakapokwenda kwa mwajiri, simameni nasi, kama tulivyosimama nanyi. Na wiki hii fungueni masanduku yenu. Kadi ya chama ya babako, tangazo la mgomo, picha ya mkutano, daftari la tawi: visitupwe. Mpeni katibu wa tawi lako, andika jina lako na mwaka nyuma yake, nasi tutavitunza kama tunavyotunza mashairi.

Wakubwa wasema Kiswahili ni hazina. Tumesikia. Sasa tunasubiri kusikia mshahara wa mlinzi wa hazina ni shilingi ngapi, na utalipwa tarehe ngapi.

UMOJA NI NGUVU. MTUNZA LUGHA NI MFANYAKAZI.

Sisi, Kamati ya Wakutubi ya Tawi